Mgonjwa si Rehani



Swali ninalotaka tulifikirie safari hii ni fupi. Mtu amelazwa hospitali, ametibiwa, amepona, daktari ameandika kwamba aende nyumbani. Lakini hana pesa za kulipa. Je, hospitali ina haki ya kumzuia asitoke mpaka ndugu zake walete pesa? Na muuguzi wa zamu, ambaye ameambiwa amchunge asitoroke, afanye nini, yeye ambaye kesho ataulizwa na Mola wake juu ya kila alichochunga?

Nauliza kwa sababu nasoma uuguzi, na kwa sababu nimekulia Magara, kwenye ile barabara ya kando ya ziwa itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Kwetu mtu akiumwa anaanzia kituo cha afya. Hali ikizidi, anapakiwa garini kwenda hospitali, na nyuma yake anakwenda murwaza, yaani yule ndugu wa kumpikia na kumfulia. Wanapoondoka, jirani huwa hawaulizi tu, "Atapona?" Wanauliza pia, "Atatoka?" Ni maswali mawili tofauti, na kila mtu wa pwani yetu anajua tofauti yake.

Jambo hili lina historia iliyoandikwa. Mwaka 2002 serikali ya Burundi ilianzisha utaratibu wa mgonjwa kulipia gharama za matibabu yake, nchi ikiwa bado vitani na watu wengi wakiwa hawana kitu. Septemba 2006 shirika la Human Rights Watch, pamoja na shirika la hapa nyumbani la APRODH, walitoa ripoti nzima juu ya matokeo yake: wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa wiki na kwa miezi, walinzi wakiwa mlangoni. Miongoni mwao walikuwemo wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Miezi michache kabla ya ripoti hiyo, tarehe 1 Mei 2006, Rais Nkurunziza alikuwa ametangaza kwamba uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano vitakuwa bure. Mwaka 2010 fidia ya huduma hizo iliunganishwa na mpango wa kulipa vituo kulingana na kazi waliyoifanya. Mwaka 2012 ikafufuliwa kadi ya msaada wa matibabu, ile CAM, kwa faranga 3,000 kwa kaya kwa mwaka. Haya yote ni mema na waliyoyafanya wana ujira wao. Lakini mvuvi aliyevunjika mguu si mjamzito wala si mtoto. Na kadi ikilipia sehemu kubwa, sehemu ndogo inayobaki nayo ni pesa.

Wala si sisi peke yetu. Nairobi, katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, wanawake wawili waliojifungua walizuiliwa mwaka 2010 kwa sababu ya deni. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kwamba kuwazuia kulikuwa kinyume cha katiba, na akaamuru walipwe fidia. Hukumu ile inafaa isomwe na kila anayesoma sheria kati yenu. Kwa upande wetu, Burundi ilijiunga mwaka 1990 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na kifungu cha 11 cha mkataba huo kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano ya malipo.

Basi sheria iko wazi. Nimeona hata hivyo kwamba tukizungumza sisi kwa sisi, baada ya Ijumaa au kwenye darsa, sheria za mikataba haziwagusi watu sana. Mtu anakuambia, "Lakini deni ni deni." Na hapo amesema kweli, kwa hiyo tuanzie hapohapo.

Deni ni deni. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Salama bin al-Akwa' kwamba aliletwa maiti ili Mtume (s.a.w.) amsalie, akauliza kama ana deni. Akaambiwa analo na hakuacha cha kulilipa. Akawaambia Maswahaba wamsalie wao mwenzao. Ndipo Abu Qatada akasema kwamba deni lile liko juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsalia. Kisa hiki hutajwa sana kututisha na madeni, na ni haki kitutishe. Mimi nataka tukitazame kwa upande mwingine. Je, yule maiti alizuiliwa? Hapana. Swala yake haikufutwa, mazishi yake hayakusogezwa mpaka watoto wake wauze shamba. Kilichotokea ni kwamba deni lilipata mtu wa kulibeba, na mwili ukaenda kaburini. Na katika hadithi nyingine iliyo sahihi, Allah alipomfungulia Mtume wake mali, alitangaza kwamba Muislamu akifa na deni asiloweza kulilipa, ni juu yake yeye Mtume kulilipa. Wanavyuoni wengi wanalifahamu hilo kuwa ni jukumu la hazina ya umma. Leo kuna mahali ambapo hata maiti anashikiliwa chumba cha maiti kwa bili. Sijui anayefanya hivyo anafuata mwendo wa nani.

Sasa tuje kwa aliye hai. Sura al-Baqara, aya ya 280, inaamrisha kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kwamba kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Aya tatu mbele, ya 283, inataja rehani: mkiwa safarini na hamkupata mwandishi, basi iwe rehani inayokabidhiwa. Neno letu la Kiswahili ni lilelile la aya. Na mafakihi walipoeleza rehani ni nini, waliweka sharti ambalo mwanafunzi yeyote wa madrasa analijua: kinachowekwa rehani ni kile kinachofaa kuuzwa, kwa sababu mwisho wa rehani ni kuuzwa ili deni lilipwe. Binadamu aliye huru hauzwi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake ni mmoja wa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Basi hospitali ikimshika mama aliyejifungua ili mumewe alete pesa, imechukua kitu gani mkononi? Imechukua rehani ambayo hairuhusiwi kuwa rehani.

Rafiki yangu anayesoma uchumi hakubali haraka. Ananiambia: wewe unasema kama mtu ambaye hajawahi kununua glavu. Hospitali ikiwaachia wote, mwezi ujao hakuna uzi wa kushonea, hakuna dawa ya usingizi, na anayekufa ni maskini mwingine aliyekuja nyuma. Tena kuna watu wanazo pesa na wanajifanya hawana. Ameongeza jambo moja la kunichoma zaidi: katika hadithi hiyohiyo ya watu watatu, wa tatu ni yule aliyemwajiri mtu, akamfanyisha kazi, kisha hakumlipa ujira wake. Wauguzi nao ni waajiriwa, akasema, na marupurupu yao yanatoka wapi kama dirisha la malipo halina kitu?

Nimekaa na maneno yake muda mrefu, na sidhani yanajibiwa kwa kusema tu kwamba tuwe na huruma. Mwenye uwezo akichelewesha deni ni dhalimu; hilo Mtume (s.a.w.) amelisema wazi. Na ni kweli kwamba mwenye nacho na asiye nacho wanaweza kuvaa nguo moja. Wanavyuoni waliliona hilo kabla yetu. Abu Hanifa, aliye mkali kuliko wengi katika suala hili, aliruhusu mdaiwa awekwe kizuizini kwa muda mpaka hali yake ijulikane. Lakini anayemweka ni hakimu, baada ya kusikia pande mbili. Katika hospitali zetu mdai ndiye anayeamua kwamba fulani anadanganya, ndiye anayemfunga, na ndiye anayeshika ufunguo. Tena huyohuyo Abu Hanifa alisema kwamba ikithibiti mtu hana kitu na akaachiwa, wanaomdai wanaweza kuandamana naye popote aendapo, ila wasimzuie kufanya kazi zake wala kusafiri. Madhehebu mengine yakaona hata huko kuandamana naye ni kumdhulumu, maana aya imesema apewe muda. Ukitazama, hata rai iliyo ngumu kuliko zote inamwacha mdaiwa atoke akatafute riziki, kwa sababu deni linalipwa na kazi. Mvuvi aliyezuiliwa wodini anazuiliwa mbali na chombo ambacho ndicho kingelipa. Rafiki yangu wa uchumi, kwa haki, hili alilikubali kabla sijamaliza kusema.

Kuna pia kisa alichokipokea Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri. Mtu mmoja alinunua matunda, yakapata maafa, madeni yakamwelemea. Mtume (s.a.w.) akaamrisha watu wamtolee sadaka. Wakatoa, haikufika kiasi cha deni. Akawaambia wanaomdai wachukue walichokikuta, na hawana zaidi ya hicho. Hapa jamii imechangia kwanza, mdai akapata kiasi, kisha mlango ukafungwa. Mtu hakufungwa.

Nirudi kwa muuguzi, maana ndiye ninayemfikiria zaidi. Tukisikia haki za mgonjwa, wengi wetu hukumbuka lile tangazo lililobandikwa ukutani: kuheshimiwa, kuelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoifahamu, kukubali au kukataa matibabu, kutunziwa siri yake, kusitiriwa mwili wake. Zote ni muhimu, na juu ya stara peke yake ningeweza kuandika makala nyingine. Lakini haki hizo hazina mikono. Daktari anapita asubuhi dakika chache. Mkurugenzi hapiti. Anayebaki na mgonjwa saa zote, anayejua nani hakula na nani analia usiku, ni muuguzi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kupitiwa tena mwaka 2021, zinaweka jukumu lake la kwanza kwa watu wanaohitaji huduma. Hazisemi kwa dirisha la malipo. Na sisi tunaye Rufaida al-Aslamiyya (r.a.), ambaye hema lake la majeruhi lilikuwa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.), na humo ndimo alimowekwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa Khandaq. Wasichana wetu wengi wanaosoma fani hii wanampenda kwa jina. Tumpende pia kwa hema: lilikuwa mahali pa kuingia na kutoka.

Katika mafunzo ya vitendo nilipelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja. Zamu ya jioni ilikabidhiwa kwa madaftari mawili, la dawa na la "waliobaki". Daftari la pili lilikuwa la kuhesabu vichwa. Muuguzi anayemaliza anasema wako wangapi, anayeanza anahakikisha. Ikipungua, anaulizwa yeye. Hakuna chuo kinachofundisha kazi hiyo, na hata hivyo niliona watu wazuri, wenye mikono myepesi kwenye kidonda, wakiifanya kwa uso mkavu. Walikuwa wameacha kuiona.

Humo kulikuwa na mama mmoja wa Nyanza-Lac. Kidonda chake kilikuwa kimefunga. Alikuwa amehamishwa kitanda kumpisha mwingine, akalala kwenye mkeka karibu na mlango. Alipojua mimi ni Muislamu aliniita, nikadhani ataomba chakula. Akaniuliza:

"Mwanangu, nisali kasri au nitimize? Mimi ni msafiri, lakini sijui nitatoka lini."

Nikamwambia, "Mama, imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikaa Azerbaijani miezi sita, theluji imemzuilia njia, akawa anasali kasri, kwa sababu kila siku alikuwa akidhani ataondoka."

Akafikiri kidogo. "Theluji hiyo," akasema, "iliyeyuka yenyewe?"

"Nadhani iliyeyuka, mama."

"Sawa," akasema, na akainuka kutawadha.

Tangu hapo nimewauliza wenzangu wa fani: wewe ungefanya nini? Wapo wanaosema, fungua mlango wa nyuma usiku, mwache aende, Allah atalipa. Ninawaelewa, lakini sikubaliani nao. Kwanza, anayetoroshwa anaondoka kama mwizi, bila karatasi ya matibabu, bila siku ya kurudi kutazamwa, na akiumwa tena ataogopa kukanyaga pale. Pili, muuguzi amekula amana ya waliomwajiri. Akiwa anaamini agizo lao ni dhulma, njia ya Muislamu ni kulikataa mchana. Kusaidiana katika dhambi na uadui kumekatazwa, sura al-Maida aya ya 2, na hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Basi aseme: mimi nitampa dawa, nitamsafisha, nitamwandikia anachohitaji, lakini kuhesabu vichwa si uuguzi na jina langu halitakaa kwenye daftari hilo. Ni maneno mazito kwa mtu mwenye mshahara mdogo na watoto. Mmoja akiyasema peke yake anaweza kuhamishwa wiki ijayo. Zamu nzima ikiyasema, ni vigumu kidogo.

Na yapo ambayo hayahitaji ushujaa. Mgonjwa aambiwe gharama mapema, kabla hazijawa mlima, na aulizwe kama kadi ya CAM anayo au hana. Siku daktari aliyomruhusu iandikwe wazi kwenye faili lake, ili kesho mtu akiuliza tangu lini amezuiliwa, jibu liwepo kwa wino. Asinyimwe kufungwa kidonda kwa sababu jina lake liko kwenye daftari la deni. Asihamishiwe sakafuni. Aambiwe kwamba anayo haki ya kutoka, hata kama anayemwambia hana uwezo wa kumtoa. Hayo yote yako ndani ya mikono ya muuguzi mmoja, usiku mmoja.

Sasa juu yetu sisi tusio wauguzi. Kila Ramadhani na kila Idi, jumuiya zetu, na ndugu zetu Wakristo kwenye Noeli, hukusanya pesa na kwenda kuwatoa waliozuiliwa. Picha hupigwa, watu hulia kwa furaha. Wenye madeni ni katika wale wanane wa zakat, sura at-Tawba aya ya 60, kwa hiyo sina neno na anayetoa. Lakini nina wasiwasi na namna tunavyotoa. Hospitali ikishajua kwamba Idi italeta wakombozi, itaona kuzuia watu kuna faida. Tunalipa kama wanavyolipa waliotekewa ndugu, na mwezi wa Mfungo Mosi haujaisha mikeka imejaa tena. Abu Qatada hakununua maiti. Alisema deni liko juu yake, ikaisha, na mtu akaenda zake.

Kwa hiyo nimependekeza katika kikao chetu kwamba badala ya fidia tutoe dhamana. Tuandikiane na hospitali moja, iliyo tayari: mgonjwa akiruhusiwa na daktari, anatoka siku hiyohiyo, deni linaandikwa kwenye karatasi yenye mashahidi wawili, kama aya ya 282 inavyotaka, jina la mdhamini linawekwa chini, na muda unapangwa kulingana na riziki ya mtu. Hapa watu wa Magara tunaweza kuwafundisha wahasibu. Ndagala huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi. Apollo zinakaa ufukweni, na wiki hizo nyumba nyingi hazina hata ya chumvi. Giza likirudi, pesa inarudi. Mwenye michikichi naye ana msimu wake. Mtu akilazwa kwenye mbalamwezi akaambiwa alipe kwenye mbalamwezi, hataweza hata akiwa mkweli kama Abu Bakr (r.a.). Ule wepesi unaotajwa kwenye aya, kwetu unajulikana tarehe zake.

Mhazini wetu ameuliza maswali mawili. La kwanza, nani atakwenda mpaka Nyanza-Lac kufuata faranga elfu kumi? Hilo tumelijibu, kuna wanafunzi wa huko na wanakwenda nyumbani kila likizo. La pili ni kwamba mdaiwa akishindwa kabisa, anayelipa ni jumuiya au ni yule aliyeweka jina? Kwa fiqhi, ni aliyesema "juu yangu", ndiyo maana ya dhamana. Baada ya jibu hilo kikao kilinyamaza kidogo. Karatasi ilikuwa juu ya meza, na ilipofika Magharibi ilikuwa na majina manne. Tukainuka kwenda kusali, na mhazini akaichukua.